Bi Kisanduku Hainuki

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha mbao, kirefu kama benchi la watu wawili, kimepakwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo. Ndani mlikuwa na soketi nane, swichi moja kubwa, na waya mnene wa mita hamsini uliozungushwa kwenye rimu ya baiskeli. Kifuniko kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mwenyewe, pale ambapo wanawake wenzake huvaa mkufu. Kwa sababu hiyo bendi nzima ilimwita Bi Kisanduku. Jina aliloandikiwa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata na wifi zake.

Kazi yake ilikuwa kuipatia bendi umeme kila ilikoalikwa. Ni kazi isiyo na makofi. Muziki ukikolea, husifiwa mwimbaji. Umeme ukikatika, hutukanwa fundi, na mama yake, na kijiji alichotoka. Yeye hakujali. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miaka hamsini na mitatu, miwani imefungwa kwa uzi, na hatua za mtu anayepima chumba kwa miguu.

Alikuwa na desturi zake. Alifika kabla ya viti. Jambo la kwanza, aliitoa taa yake ya kupimia, balbu moja tu ndani ya holda yenye nyaya mbili, akaichomeka kwenye matundu ya soketi ya mwenyeji, mawili mawili. Balbu ilimwambia tundu lipi lina moto, na kama lile tundu la tatu, la waya wa ardhini, lina uhai au ni pambo. Jambo la pili, alipigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya jukwaa, akaifungia waya wa kijani utokao kwenye kisanduku, kisha akamwaga ndoo nzima ya maji pale chini ili udongo uishike vizuri.

Hapo ndipo mpiga ngoma, waliyemwita Kishindo, alipopata chakula chake cha siku.

"Jamani, Bi Kisanduku anamwagilia chuma tena! Mwaka huu tutavuna misumari."

"Nitakuletea gunia," alijibu bila kugeuka. "Kichwani mwako kuna nafasi."

Ile swichi kubwa aliipa jina la Mmbea. Ilikuwa swichi ya aina ile isiyoweza kutunza siri: umeme ukivuja hata kidogo, ukapita mahali pasipo pake, inajikata yenyewe, tap! na kila kitu kinanyamaza. Wanabendi waliichukia. Yeye alisema mmbea wa namna hiyo angemwoza binti yake, kama angekuwa na binti.

Na jambo la mwisho, kabla mwimbaji hajapanda, aliigusa maiki kwa mgongo wa mkono. Si kwa kiganja. Kiganja kikinaswa na umeme hufumba, hakiachii. Mgongo ukishtuliwa, mkono hurudi kwa mwenyewe. Hilo hakulisoma popote. Alilijua kwa sababu aliwahi kuona kiganja kikifumba.

Hadithi hiyo lazima isemwe, hata kama mwenyewe hakupenda kuisema.

Baba yao alikuwa fundi wa pasi na redio, mwenye kibanda cha mabati na mkebe wa skrubu zisizofanana. Yeye na mdogo wake wa kiume walikulia chini ya meza ile. Mdogo alitoka na sikio la muziki, akawa mpiga gitaa mwenye kasi mpaka watu wakamwita Vidole. Dada mtu alitoka na mikono ya baba yake. Mzee alipenda kuwaambia kwamba waya wa kijani ni kama baba mkwe: miezi yote amekaa tu kwenye kiti, unajiuliza kazi yake nini, mpaka siku nyumba inawaka ndipo unamwona anatoka na mtoto wako mgongoni.

Wakajiunga wote wawili na bendi ya Jemedari. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alipenda tu koti lenye vifungo vya shaba na kuamrisha. Alipiga kinanda, aliongoza, na alichosema kilikuwa kimeshasemwa. Jioni moja, zamani hizo, spika zilikuwa zikiguguma. Mmm, mmm, kama nyuki ndani ya mtungi. Bendi nyingi hulijua guguma hilo, na bendi nyingi zina dawa yake ya mkato: unafungua plagi, unachomoa ule waya wa kijani, spika zinatulia kama mtoto aliyenyonya.

"Chomoa," Jemedari aliamuru.

"Baba alisema..."

"Baba yako alikuwa anatengeneza pasi. Hapa ni muziki. Chomoa!"

Akachomoa. Guguma likaisha. Wimbo wa tatu, Vidole, nyuzi zikiwa katika mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia aisogeze maiki karibu na mdomo. Hakupiga kelele. Alisimama tu, meno yamekutana, na watu wakadhani ni mbwembwe, wakashangilia. Dada yake aliruka spika mbili kuufikia ukuta na kung'oa plagi. Mdogo wake aliishi. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikunjika kama makucha ya ndege aliyelala, na havikunyooka tena. Jina la Vidole likabaki, maana majina hayana huruma.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyesikia ndiye aliyevunja, na si guu lake. Tangu hapo Bi Kisanduku aliupenda ushauri wa wahenga, ila aliufungua kwanza akatazama nyaya zake.

Kwa nini alibaki kwenye bendi ile ile? Watu walimuuliza. Alisema akiondoka, Jemedari atapata fundi mwingine anayetii. Akaunda kisanduku kwa mikono yake, kwa mbao zake. Na akagundua dawa halali ya lile guguma: vyombo vyote vya jukwaani vinywe kwenye kisima kimoja, kisanduku kile kile, badala ya kimoja kuchomekwa ukuta huu na kingine ukuta ule. Guguma likapungua nusu na zaidi. Lililobaki alilitetea. "Hilo linalia kwa sababu liko hai," alisema.

Vidole sasa alikaa kwenye chumba cha uani cha dada yake, akiwakazia nyuzi wapiga gitaa wa mtaa kwa mkono mmoja na sikio. Binti yake akawa mwimbaji wa bendi. Walimwita Chiriku, kwa sauti yake na kwa mdomo wake vilevile. Na Chiriku alikuwa na kawaida moja iliyomkosesha shangazi yake usingizi: wimbo ukimkolea, anavua viatu.

Basi ikawa Jumamosi moja, bendi imealikwa shuleni, kumuaga mkuu wa shule aliyekuwa anastaafu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima. Uwanja ulikuwa umelowa chepechepe, na jukwaa lilikuwa la mabomba ya chuma yaliyotandikwa mbao, nazo mbao zinachuruzika. Umeme ulitoka kwenye ukuta wa bwalo la chakula.

Bi Kisanduku alipima soketi ya bwalo. Matundu mawili, balbu ikawaka. Akahamisha waya mmoja kwenye tundu la ardhini. Giza.

"Ukuta huu una mdomo lakini hauna miguu," alisema, akaenda kutafuta ndoo.

Alipigilia fimbo, akaimwagilia juu ya mvua ile ile, Kishindo akapata cha kusema, na kila chombo kikawashwa kimoja kimoja. Miksa, sawa. Spika, sawa. Gitaa la besi, sawa. Ilibaki amplifaya ya kinanda, dubwana la bati ambalo Jemedari alikuwa amelichukua nyumbani kwake tangu Alhamisi. Wakaiunganisha na miksa.

Tap! Mmbea kajikata.

Wakachomoa, Mmbea akakubali. Wakarudisha. Tap! Mara ya tatu hata Kishindo aliacha kucheka. Wazazi walikuwa wameanza kuketi, wanafunzi wa zamani wanapiga picha, saa nane na nusu mchana, na kwenye ratiba bendi ilitakiwa kuanza saa nane.

Jemedari akaja, vifungo vinameta. "Kuna nini?"

"Amplifaya yako inavuja. Iache chini, kinanda nikiunganishe kwenye miksa moja kwa moja."

"Kitasikika kama cha mtoto. Leo? Mbele ya watu wote hawa? Hapana. Swichi yako ndiyo mbovu. Iruke hiyo swichi, unganisha waya kwa waya. Dakika mbili."

"Basi nifungue plagi ya amplifaya, niitazame."

"Usiiguse!" Alisema haraka mno, na macho yake yakaenda kwenye plagi kabla hayajarudi. "Imetoka kwa fundi juzi. Nimesema ruka swichi."

Bi Kisanduku alimtazama. Akayatazama mabomba ya jukwaa yanayodondosha maji. Akamtazama Chiriku, anayejipaka mafuta midomoni mbele ya kioo cha simu, kiatu kimoja tayari kimemtoka nusu mguuni. Kisha akazima swichi, akachomoa plagi ya bwaloni, akaifungia ndani ya kisanduku, akapiga kufuli, akaurudisha ufunguo kifuani. Na juu ya kisanduku akaketi.

"Inuka," alisema Jemedari.

"Siinuki."

"Mama, hiyo ni amri."

"Ya kwanza niliitii. Ilitosha."

Waya mwingine wa kufika uwanjani haukuwepo. Mita hamsini zilikuwa za Bi Kisanduku, alizilipia mwenyewe, na zote zilianzia chini ya makalio yake. Mshereheshaji, kijana mwenye tai ya njano, alikuwa na kipaza sauti cha betri, na kazi yake ni kuchekesha, akachekesha.

"Ndugu wageni, tunaomba radhi kidogo. Bibi yetu hapa ameukalia umeme. Tunasubiri uanguliwe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bi Kisanduku akanyoosha sketi yake magotini, akasubiri kicheko kiishe kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

"Kuanzia dakika hii huna kazi kwangu," alisema Jemedari kwa sauti ya chini.

"Sawa. Sina kazi. Lakini nina kisanduku."

Ndipo Chiriku akashuka jukwaani, uso umemwiva. Leo alikuwa amepanga kuimba wimbo wake mwenyewe, alioutunga kwa miezi minne, na kwenye safu ya mbele walikaa walimu waliowahi kumwambia hatafika popote. Akachuchumaa.

"Shangazi, tafadhali. Unanitia aibu. Kila mtu anatutazama."

Jemedari akadakia. "Msikie mtoto wa mdogo wako."

Maneno yale yalimchoma Bi Kisanduku kuliko kicheko chote. Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Chiriku, baba yako alikuambia mkono wake ulifanywa nini?"

"Umeme ulimnasa. Ajali."

"Baba yako ni muungwana, hasemi watu. Mkono ule niliuvunja mimi. Huyu hapa aliniamuru nichomoe waya wa kijani, nikajua si sawa, nikachomoa. Kwa sababu watu walikuwa wameshaketi. Kwa sababu niliona aibu." Akavaa miwani. "Leo nionee aibu wewe. Mimi aibu yangu nilishaimaliza."

Hata mshereheshaji alikuwa ameshusha kipaza sauti chake.

Mkuu wa shule alikuwa amekwisha fika, mwanamke mrefu mwenye ua kubwa la kitambaa begani. Miaka thelathini ya kuamua ugomvi wa watoto ilikuwa imemfundisha kuuliza kwa kifupi.

"Kuna nini hapa?"

"Samahani sana, mama," Jemedari akainama. "Fundi wangu kachoka, umri..."

"Aliyechoka hulala, mheshimiwa," alisema Bi Kisanduku. "Mimi nimekaa macho. Nina swali moja tu kwa Jemedari, akinijibu vizuri nainuka." Akamgeukia. "Unasema swichi yangu ni mbovu na amplifaya yako ni nzima. Haya. Niiruke swichi, niwashe. Wewe uweke kiganja kimoja juu ya bati la amplifaya yako, kingine ushike bomba la jukwaa, na viatu uvue, maana huyu binti huwa anavua. Nikishahesabu mpaka tatu, nakupigia saluti. Utashika?"

Jemedari akacheka. Akatazama kama kuna mwingine anayecheka. Akalitazama bati, akalitazama bomba, tone moja la maji likiwa limening'inia chini yake. Mkono wake wa kulia, bila kuulizwa, ukaingia mfukoni mwa koti.

Watu waliuona ukiingia.

Chiriku naye aliuona. Alisimama taratibu. "Kumbe hushiki," alisema. "Hushiki! Lakini mimi nishike maiki. Mimi nisimame pale juu na maji."

"Binti, wewe hujui mambo ya..."

"Shangazi, sogea kidogo."

Bi Kisanduku akasogea. Chiriku akaketi kando yake juu ya kisanduku, bega kwa bega, akavivaa viatu vyake na kufunga kanda zake kwa nguvu. Mpiga besi akaja akasimama nyuma yao. Kishindo akasita, akamtazama Jemedari, akakuna kichwa kile chenye nafasi, kisha naye akaja, akasema, "Mimi ngoma yangu haina waya, lakini nimo."

"Fungua hiyo plagi," mkuu wa shule alimwambia Jemedari. Sauti haikupanda. Ni sauti ile inayowafanya watu wazima wakumbuke kazi ya nyumbani ambayo hawakuifanya.

Kishindo ndiye aliyekuwa na bisibisi. Skrubu moja, kifuniko kikatoka. Waya mwekundu upo, mweusi upo, na ule wa kijani umekatwa, umekunjwa nyuma na kufungwa utepe mpya kabisa, unang'aa.

"Ilikuwa inaguguma," alisema Jemedari. Kwa mara ya kwanza hakusikika kama jemedari. "Nyumbani. Nikataka leo iwe safi."

"Najua," alisema Bi Kisanduku. "Mimi ndiye niliyekuchomolea ule wa kwanza."

Amplifaya ilishushwa jukwaani, ikaachwa kwenye nyasi kama mbuzi mgonjwa. Hata ingerudishiwa waya wake isingefaa, maana ndani waya wenye moto ulikuwa umelalia bati, na waya wa kijani ungemwita Mmbea tu. Bi Kisanduku aliinuka alipotaka mwenyewe, akafungua kufuli, akachomeka, akawasha. Mmbea akanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na la kusema. Akapanda jukwaani, akaigusa maiki kwa mgongo wa mkono, mbele ya watu wote, polepole ili waone.

Tai ya njano ilitaka kutania, ikafikiri upya. "Ndugu wageni," akasema, "umeme umeanguliwa."

Kinanda kilisikika chembamba kidogo, kweli. Spika ziliguguma kidogo sana chini ya muziki. Chiriku aliimba wimbo wake, na ulipomkolea mkono wake ulishuka kuelekea kwenye kiatu. Akatazama chini kwenye kisanduku. Shangazi yake alitikisa kichwa. Kiatu kikabaki mguuni.

Nyumbani, jua likiwa bado juu ya paa la jirani, Vidole alisikia habari yote kutoka kwa binti yake, na nusu yake ilikuwa na chumvi. Alicheka mpaka gitaa la watu likamteleza mapajani. Kisha akamgeukia dada yake.

"Umemwambia mtoto?"

"Nimemwambia."

"Dada, mimi nilikusamehe kabla sijaamka hospitali."

"Hukuniuliza kama ninataka."

"Haya, leo unataka?"

Alifikiri. "Leo nitaupokea," alisema, akaenda kuanika waya wake uliolowa.

Siku nne baadaye Kishindo alibisha mlango, ametumwa. Jemedari anasema yaliyopita si ndwele. Jumamosi kuna shughuli sokoni, njoo na kisanduku, na yale ya mbele ya watu tusahau.

"Mwambie nitakuja kwa masharti mawili," alisema Bi Kisanduku. "Plagi zote azilete hapa nizifungue, moja moja, yeye akiwa amesimama. La pili, ile ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya kumwagilia chuma. Ataibeba yeye."

Kishindo alirudi na jibu siku hiyo hiyo: haiwezekani, yeye ni kiongozi wa bendi, ana heshima yake. Ijumaa asubuhi jibu likawa labda. Ijumaa jioni akaja mwenyewe na mfuko wa plagi kumi na moja, akasimama mlangoni bila koti mpaka skrubu ya mwisho ikakazwa. Mbili hazikuwa na waya wa kijani.

Na Jumamosi sokoni, kabla ya viti, wauza nyanya walimwona mwanamume mwenye vifungo vya shaba akitoka bombani na ndoo imejaa, anatembea kwa uangalifu asijimwagie viatu. Mama mmoja mfupi alikuwa amechutama nyuma ya jukwaa na nyundo, anamsubiri.

"Mwaga hapo," alimwambia. "Yote. Usibakize."

Jemedari akamwaga yote.

"Tutavuna misumari!" Kishindo alipiga kelele kutoka kwenye ngoma zake, na safari hii hakuna aliyemjibu, maana Bi Kisanduku alikuwa ameshaitoa balbu yake na kwenda kuuliza ukuta wa soko kama una miguu.